Rangi inavuka mstari wa moto kwenye mabakuli ya mwembe. Nakosea wapi?

Mkereza wa Malindi

Assalaam aleikum mafundi. Nina oda ya mabakuli 12 ya tende kwa harusi ya binti wa shangazi yangu, na zimebaki wiki tano.

Mti ni mwembe uliokatwa uani kwa jirani mwaka jana. Niliukereza, yaani nikauchonga ukizunguka kwenye mashine, ungali mbichi, nikaacha kuta nene za sentimita mbili na nusu, nikayapanga chini ya kitanda miezi saba, kisha nikayarudisha kwenye mashine mpaka kuta zikabaki milimita sita. Kipenyo ni sentimita 22. Hakuna lililopasuka wala kuingia bungua, na mpaka hapo nilikuwa namshukuru Mungu.

Bibi harusi anataka ukanda wa korosho kuzunguka nje, kama zile za pindo la kanga, zichorwe kwa moto halafu zijazwe nyekundu na kijani. Nimenunua kisolda, kile chuma cha umeme cha kuunganishia nyaya, cha wati 60, nikainoa ncha kwa tupa mpaka ikawa kama kisu kidogo. Rangi ni ile ya unga ya kutilia ukindu wa mikeka, nimeikoroga kwa maji moto.

Matatu yameshaharibika, na kila moja kwa namna yake. La kwanza nililipaka sila, ile ya kuziba mti, kabla ya kuchoma ili lisichafuke. Kisolda kikachemsha ile sila, mstari ukafanya mapovu, moshi ukaniwasha macho hadi usiku. La pili sikulipaka kitu, lakini mistari imetoka myeusi tii pande mbili, na pande nyingine mbili ni kahawia tu, kama mtu ameipitisha penseli. Mkono ni uleule na joto ni lilelile. La tatu mistari ilikaa vizuri, nikafurahi, nikatia nyekundu. Ikapita chini ya mstari kama maji kwenye mchanga, ikakutana na kijani, pakawa na tope.

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenilipia kujifunza kukereza. Haya mabakuli nataka yatoke sawa. Naombeni msaada.

Mzee wa Amu

Wa aleikum salaam mwanangu. Hilo la pili ndilo lenye somo, basi nianze nalo.

Chukua bakuli tupu ulishike juani, ulizungushe polepole. Utaona pande mbili nyuzi za mti zimelala kwa urefu, na pande mbili zimekatwa, zinakutazama kwa vichwa. Kila bakuli lililokerezwa kutoka kwenye ubao liko hivyo, la mwembe au la mvule. Nyuzi zilizolala na zilizokatwa hazipokei moto kwa namna moja. Hata ndani ya upande mmoja, zile pete za ukuaji wa mti zina sehemu laini na sehemu ngumu. Chuma huzama kwenye laini na kurukaruka kwenye ngumu. Ukipeleka mkono kwa mwendo mmoja bakuli zima, mstari lazima utoke mabaka.

Mkono ndio ubadilike. Tumia moja ya yale yaliyoharibika kama daftari. Geuza upande wa ndani, chora mistari mifupi kuzunguka bakuli zima, kila mmoja kwa mwendo wake, mpaka ujue wapi pa kukawia na wapi pa kupita haraka. Usikandamize. Ukikandamiza, mstari unakuwa mpana na kingo zinaungua. Pita mara mbili kwa wepesi, na anza kuvuta kabla chuma hakijagusa mti, vinginevyo kila mwanzo wa mstari utaacha nukta nyeusi.

Na tafadhali, usichome tena juu ya sila wala vanishi. Moshi wake ni sumu. Hata moshi wa mti mtupu usiuinamie. Weka feni pembeni ivute hewa kutoka kwako kwenda nje, na uvae barakoa unapopiga msasa. Mwembe pia huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Kupanga korosho: kata ukanda wa karatasi, uzungushe bakuli, ukate zinapokutana ncha. Kwa sentimita 22 utapata kama sentimita 69. Ukunje katikati mara nne, una sehemu 16 sawasawa bila hesabu. Mistari miwili ya juu na chini ya ukanda, tuliza penseli na uzungushe mashine kwa mkono.

Msusi wa mikeka, Tanga

Mimi sijui kukereza, ila rangi hiyo naijua tangu nikiwa binti. Ukindu tunauchemsha ndani yake ili iingie mpaka moyoni. Imetengenezwa kunywewa, kaka yangu. Ukiiweka kwenye mti mkavu yenye maji mengi, itakimbia kufuata nyuzi, na mstari wa juu juu hautaizuia.

Koroga kwa spiriti badala ya maji, inakauka upesi. Brashi iwe karibu kavu. Ifute kwenye kitambaa kwanza. Gusa katikati ya korosho, uiache rangi itembee yenyewe kuelekea mstarini, na ikifika karibu ndipo uongeze. Nyekundu zote zikauke kabla hujafungua kijani.

Jambo jingine: rangi hii hupauka juani. Mkeka wa barazani unaisha rangi wakati wa chumbani bado unang'aa. Mwambie bibi harusi asiyaweke dirishani.

Fundi Kisauni

Naongezea kwa dada wa Tanga. Ule mstari wa moto ndio ukuta wa rangi, lakini lazima uwe na kina, karibu nusu milimita. Sehemu iliyoungua sawasawa hainywi rangi kama mti mzima. Wako wa tatu nadhani ulikuwa mzuri kwa macho tu.

Kama ungependa rangi isiyopauka, tumia ya akriliki. Hapo utaratibu ni tofauti: ukishachoma, paka shelaki nyepesi (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) mara moja, ikauke, ndipo upake. Rangi ya unga inataka mti mtupu, akriliki inataka mti uliozibwa.

Na vanishi ya mwisho usiipake kwa brashi ikiwa rangi iko tupu chini. Itaiburuta. Puliza mara mbili tatu nyembamba. Uliyokoroga kwa spiriti usiifunike kwa shelaki, kwa sababu shelaki yenyewe huyeyushwa na spiriti na itaiamsha rangi yote.

Ile mistari miwili ya ukanda usiichore kwa kisolda, hutaipata sawa. Kata mfereji mwembamba kwa ncha ya patasi bakuli likizunguka, kisha bana ndani yake uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Msuguano utatoa moshi, na mfereji utakuwa mweusi kama wino. Funga waya kwenye vipande viwili vya mti vya kushikia. Usiuzungushe vidoleni hata siku moja: ukinasa, unaondoka na kidole.

Mkereza wa Malindi

Nimerudi baada ya siku tisa. Nilichoma mistari 40 ndani ya bakuli la pili. Upande wa nyuzi zilizokatwa ndiko nilikokuwa nakawia bila kujua. Waya wa breki umenishangaza: sekunde chache tu na mstari unazunguka mzima. Korosho 16 zimekaa. Nyekundu ya spiriti imesimama mstarini isipokuwa mahali pawili, penye lile doa la kijivu la mwembe.

Mzee, ndani nimeacha bila rangi, nipake nini?

Mzee wa Amu

Mafuta tu, na uyaache yakauke kabisa. Rangi isiguse chakula wala mdomo wa bakuli. Hayo madoa ya kijivu ni mti ulioanza kuoza kidogo, umelegea, unakunywa kuliko wenzake. Kwenye yaliyobaki, panga ukanda wako ili doa liangukie kati ya korosho na korosho.

Ukimaliza harusi, tafuta lakiri, ile kama nta ngumu yenye rangi. Kitanda cha babu yangu hapa Amu kilikuwa na miguu ya kukereza yenye pete nyekundu, nyeusi na manjano. Kule Channapatna, India, wanafanya kazi ya namna hiyo mpaka leo: kijiti cha lakiri kinabanwa kwenye mti unaozunguka, joto la msuguano linaiyeyusha, rangi inashika palepale, kisha wanaing'arisha kwa jani la jamii ya mkadi. Rangi hiyo haikimbii nyuzi, kwa sababu hainywewi. Inalala juu ya mti.

Mkereza wa Malindi

Mkadi tunao nyuma ya nyumba. Lakiri nitaitafuta Mombasa. Leo nachoma la tano.