Gari la mtumba kulipiwa kodi karibu sawa na bei yake: ni haki?

Mja wa Kisauni: Jamani, nauliza kwa adabu. Nimeagiza Nissan Note ya mtumba kutoka Japani, injini ya cc 1,200. Hesabu ni hii: kwa kila shilingi 100 ya thamani, ushuru wa forodha 35. Juu ya hiyo 135, ushuru wa bidhaa asilimia 20, yaani 27. Juu ya jumla hiyo, VAT asilimia 16. Halafu ile ada ya uagizaji 2.5 na ya reli 2. Ukimaliza, mia yako imezaa 92 nyingine. Kodi yalipiwa kodi! Na hiyo thamani si pesa niliyolipa mimi, ni ya orodha ya KRA, wakusanya kodi: bei ya gari jipya, ikapunguzwa kwa umri. Risiti yangu ya Japani ni karatasi ya kufungia mahamri tu. Ukiingia kwenye usajili, shilingi hamsini ya eCitizen, tovuti ya serikali, nayo yakungoja. Haki hii?

Baharia Mstaafu: Mwanangu, orodha ile ipo kwa sababu watu walileta risiti za uongo. Gari la laki nane, karatasi yasema laki mbili. Tena kiwanda cha kuunganisha magari, AVA, kiko hapa hapa Mombasa. Mtumba ukiingia bure, vijana wale watakula wapi?

Likoni Alfajiri: Hahaha! Mtu ana uwezo wa kuagiza gari Japani, alilia hamsini. Wenzako twavuka feri kwa miguu, twasukumana na mikokoteni. Lipa, bwana mkubwa wa Nyali.

Mja wa Kisauni: Nyali gani? Jina langu laonekana hapo, soma. Na wewe feri wavuka bure, alipaye ni mwenye gari. Sasa nani ambebaye mwenziwe?

Likoni Alfajiri: Bure! Ile ndiyo barabara yetu. Kuna mji gani mwingine mtu hushukuru kwa kupita njiani kwa miguu? Daraja la kuelea la Liwatoni lenyewe tuliletewa wakati wa korona, si kwa kupendwa.

Mama Viazi: Naona Nyali imekuwa tusi. Mimi nauza viazi sokoni Kongowea, na Kongowea iko eneo bunge la Nyali. Nami ni bwana mkubwa?

Likoni Alfajiri: Mama, wewe hukutajwa.

Mama Viazi: Nimetajwa. Nyali yote imetajwa.

Probox Haifi: Turudini kwenye mada, tafadhali. Mimi kinachoniudhi ni umri. Sisi mwisho miaka saba au minane, sikumbuki, Waganda hadi 15, na magari yao yashukia Kilindini hii hii. Twayaona yakipita Changamwe, kuukuu na rahisi, sisi twapunga mkono.

Baharia Mstaafu: Ni minane. Na swali langu la kiwanda halijajibiwa.

Likoni Alfajiri: Mzee, waulizia kiwanda, lakini bandari je? Mwaka 2019 kontena zilipelekwa Nairobi kwa reli, kwa amri, vijana wakakaa barazani mpaka rais mpya alipoamuru kazi irudi 2022. Hapo nyinyi kina Nissan Note mlikuwa kimya.

Mja wa Kisauni: Kimya? Niliandamana Jumatatu zile za kupinga amri hiyo, jua la utosi, moshi wa askari machoni! Wewe ulikuwa wapi?

Likoni Alfajiri: Foleni ya feri.

Probox Haifi: Hii hapana, amekuweza, hahaha. Lakini wewe wa Likoni usijidanganye kwamba haya ya magari hayakuhusu. Tangu 2024 kila lita ya mafuta ina shilingi 25 ya matengenezo ya barabara. Ukipanda matatu kwenda Ukunda, nauli yako imo humo.

Likoni Alfajiri: Ndiyo nasema, walipe wenye magari.

Probox Haifi: Ya Rabi.

Binti Mwembe Tayari: Samahani kuingilia. Naona mwazijua hizi karatasi. Nanunua gari kwa mtu, lakini logbuku ina jina la marehemu babake. Asema tutabadilisha pole pole. Nianzie wapi?

Baharia Mstaafu: Binti yangu, usitoe pesa. Marehemu hauzi gari. Warithi waende mahakamani, kama ni Waislamu waende kwa Kadhi, wapate hati za urithi. Gari liingie jina lao kwanza, ndipo wakuhamishie wewe.

Binti Mwembe Tayari: Nimeshatoa nusu.

Mja wa Kisauni: Nusu! Na mimi nalia na KRA.

Mama Viazi: Mwanangu, funguo ziko kwa nani?

Binti Mwembe Tayari: Kwangu.

Mama Viazi: Basi kaa nazo, na asikuombe gari hata la kwenda dukani.