Uliyewahi kumfundisha kazi kijana mwenye usonji, wewe ulivuna nini? Tupeane uzoefu

FundiVipuri (Gerezani, Dar):
Wakuu, salaam. Ikifika tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tunasikia mengi kuhusu watoto wenye usonji. Wakishaota ndevu, kimya. Naomba tuwaongelee hao wakubwa, ambao mtu umekaa nao ukawaandaa kwa kazi. Thawabu tunajua ipo, hiyo tumwachie Mungu. Semeni mlichokipata nyinyi.

Naanza. Nauza vipuri. Jirani aliniletea mpwa wake ajifunze kazi ya stoo. Haongei sana, na salamu anaitikia ukiwa umeshapita. Nikampa beringi zilizochanganyikana azitenge. Kwa wasiojua: 6203 na 6303 zote tundu lake ni milimita 17. Tofauti iko nje, moja ina 40 na nyingine 47. Mteja akipewa isiyo yake anarudi na maneno. Kijana wala hakuyaamini maboksi. Alisoma namba iliyochongwa kwenye chuma, moja baada ya nyingine, akatenga mpaka zenye kifuniko cha mpira (2RS) na zenye kifuniko cha bati (ZZ). Mchana akaniletea beringi tatu kiganjani: "Boksi la hizi linadanganya." Kweli, lilikuwa linadanganya, na mimi nilishazipangia mteja.

Mali kurudishwa kumepungua mno. Lakini faida nyingine sikuitegemea. Zamani maagizo yangu yalikuwa "hebu panga panga hapo". Kwa huyu hayaendi. Lazima useme rafu ipi, namba zipi, na akimaliza afanye nini. Nikaanza kuandika ubaoni kila asubuhi, na sasa vijana wote dukani wanafuata ubao. Kelele zangu zimeisha. Mke wangu anasema hata presha imeshuka, ingawa yeye si daktari.

ShangaziKimara:
Mimi sina duka, nimestaafu ualimu. Kijana niliyemsimamia alishapata kazi ya kufua na kukunja mashuka ya gesti huko Kariakoo. Kasheshe ikawa njia. Daladala ilimshinda kabisa: konda anagonga bati, watu wanasukumana, halafu gari linakatisha ruti. Tukahamia mwendokasi, maana vituo vyake havihami. Tulianza tumekaa pamoja, baadaye mimi nikawa nasimama mlango wa nyuma, mwishowe nikawa namsubiri Gerezani tu. Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai, anavitaja vyote kwa mpangilio hata usingizini.

Ila mnajua Jangwani ikijaa maji huduma inasimama. Kwa mtu aliyezoea mambo yaende vilevile kila siku, hapo ndipo anapovurugika. Tukamwandikia kadi ya mfukoni: "Basi likiishia Magomeni, shuka. Simama karibu na mlinzi. Mpigie shangazi." Masika ikaja. Niko sokoni napimiwa dagaa, simu inaita: "Shangazi, nimeshuka. Nimesimama karibu na mlinzi. Nimekupigia." Nilivyoangua kilio, muuza dagaa alidhani nimefiwa.

Mdau_Moro:
Shangazi, umenitoa machozi ofisini na bosi yuko hapa.

BintiSerikali (Dodoma):
Tusipambe sana, jamani. Niliyemwandaa mimi alipokewa na ofisi moja kwa shangwe na mapicha, kisha miezi ikapita anapewa nauli tu, eti anajitolea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ipo, anayeifuatilia ndiye simwoni.

Mnauliza nilivuna nini? Siku aliyokataa. Aliingia kwa mkuu wake akasema: "Kazi hii ina mshahara. Mimi silipwi. Naomba mkataba." Maneno hayo tuliyafanyia mazoezi jikoni kwangu, mimi nikiigiza bosi mkali, naye akinisahihisha kwamba bosi wake hapigi meza. Mkataba hakupewa, akaondoka. Leo anakata vitambaa kwa fundi cherehani mmoja, analipwa kwa kipande, na daftari la hesabu anashika yeye.

MamaMkate (Thika):
Hamjambo, ndugu wa Bongo. Huku kwetu Katiba, Ibara ya 54, inataja angalau asilimia 5 ya nafasi za umma za kuchaguliwa na za kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu. Lakini bekari haisomi katiba, inasoma mizani. Mkate wa gramu 400 unataka donge lenye uzito zaidi ya hapo, kwa sababu oveni inakausha maji. Ukikadiria kwa jicho, ama unamwibia mteja ama unajiibia. Msichana niliyemfundisha kazi hakadirii. Sindano ya mizani ikipita alama hata kidogo, anabandua kipande na kupima tena.

Mashine ya kukanda ndiyo ilikuwa inamtesa kwa mlio. Tukamnunulia vizibo vya masikio. Wiki haikuisha, wenzake wote wakaja kuomba vyao! Kumbe mlio ule ulikuwa unatuumiza sote, ni vile tu tulikuwa tumeuzoea.

KakaMkubwa_Mwz:
Naomba ushauri. Mdogo wangu ana miaka 22, amemaliza kozi ya kompyuta. Mama anataka hali yake tuifiche kabisa kwenye maombi ya kazi. Mnasemaje?

BintiSerikali:
Barua si lazima itaje. Ila akishapata kazi, msimamizi wake mmoja ajue, na aambiwe kwa lugha ya kazi: anahitaji maagizo ya maandishi, na zamu ikibadilika ajulishwe mapema. Kumwambia tu "ana usonji" hakumsaidii msimamizi kujua afanye nini kesho asubuhi. Lakini kaka, mwenyewe umemuuliza?

KakaMkubwa_Mwz:
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Kasema waambiwe, sawa, ila mama asimsindikize kwenye usaili.