Naomba ushauri: mama ameacha dawa za presha kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mamangu, tunaishi naye Majengo hapa Mombasa, ameacha vidonge vya presha, wiki ya tatu sasa. Alitumiwa ujumbe wa sauti kwamba vidonge vile huharibu figo, anywe maji ya ndimu na kitunguu thaumu tu. Kumbe presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo! Nimemwambia, akanuna. Shangazi ametumiwa ujumbe ule ule, na jirani pia, kwa hivyo mama anahesabu mashahidi watatu, ilhali chanzo ni kimoja.

Nimesoma kwamba mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa jambo likirudiwarudiwa, watu huliona la kweli zaidi, hata likiwa la uongo. Hilo limenilainisha moyo. Mama si mjinga. Sikio lake limezoea tu.

Sasa nianzie wapi? Nimwombe daktari aongee naye, au nimuulize taratibu ni nani aliyerekodi ile sauti na amejuaje? Aliyewahi kumrudisha mzazi bila kumvunjia heshima, tafadhali anieleze alitumia maneno gani. Kichwa kinamuuma tangu Jumapili, nami nina hofu kubwa.