Mafundi mitambo na walimu wa dramu, mtatunyanyasa sisi mashoto mpaka lini?

Wakuu, salaam.

Hili jambo nimelibeba moyoni muda mrefu na leo sinyamazi tena. Mimi ni mpiga dramu. Napiga kanisani, na wikiendi napiga na bendi ya dansi hapa Dar. Ni mashoto, mkono na mguu pia. Nimezaliwa hivi. Nimechoka kubembeleza watu kila ninapotaka kukaa kwenye seti ambayo wenyewe wameniita niipige.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na tamasha la kwaya. Tumefika mapema, nimemfuata fundi mitambo kwa adabu zote, nikamwambia kaka, sisi ni wa tatu kupanda, naomba zamu yetu ikifika nihamishe haihati (yale matoazi mawili ya kukanyaga) na tomu kubwa (ngoma ya pembeni inayosimama chini), nageuza mwenyewe, kisha nakurudishia kama nilivyokuta. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Hapo usiguse kitu, maiki zimeshapimwa." Nikamwambia maiki sizigusi. "Wenzako wote wanapiga hivyo hivyo, na wewe piga hivyo hivyo." Nikaenda kwa mratibu, mratibu akanirudisha kwa fundi. Zamu ikafika, kwaya imeshajipanga jukwaani, watu wanapiga makofi. Ningefanya nini? Nikakaa.

Kiki, ile ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa pedali, nikaipiga kwa mguu wa kulia, mguu ambao maisha yangu yote kazi yake ni kubana na kuachia haihati. Ubeti ulipita. Sebene lilipoingia, kiki ikabaki nyuma ya besi, mpiga besi akageuka kunitazama, waimbaji wakaanza kutafutana kwa macho. Watoto wa watu wamefanya mazoezi miezi wakaharibikiwa mbele ya uwanja mzima kwa sababu mtu mmoja hakutaka stendi mbili zibadilishane nafasi. Tumeshuka, namsikia mtu anasema kwaya ile ni nzuri, ila haina mpiga dramu. Yule fundi alikuwa pale pale na hakusema neno.

Kwa wasiopiga dramu, nieleze kidogo muelewe kwa nini nina hasira. Seti mnayoiona kila mahali imepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mguu wa kulia unapiga kiki, wa kushoto uko kwenye haihati. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, iko katikati ya mapaja. Tomu zinashuka kutoka ndogo kushoto kwenda kubwa kulia, na raidi, lile toazi kubwa, iko kulia. Mkono wa kulia unavuka juu ya wa kushoto kwenda kupiga haihati. Mashoto anahitaji picha hiyo hiyo kama inavyoonekana kwenye kioo. Hakuna ngoma ya ziada, hakuna toazi la kununua, hakuna umeme wa kuongeza. Ni vyombo vile vile.

Na kazi yenyewe ni hii. Kiki haihami, inabaki ilipo na zulia lake. Pedali ya kawaida haina kushoto wala kulia, nasogeza kiti tu ili mguu wangu wa kushoto uikute. Haihati inatoka kushoto inakuja kulia, tomu ya chini, ile kubwa, inakwenda ilikokuwa haihati. Raidi inahama, krashi, toazi la kutia mkazo, inahama kama kuna haja. Tomu mbili za juu nazichomoa kwenye mikono yake nazibadilisha, na kama muda umebana naziacha, naweza kuishi na hilo. Ufunguo wa dramu ninao mfukoni, tepu ya kuweka alama kwenye zulia ninayo ili kila mguu wa stendi urudi pale pale ulipotoka. Tukiwa wawili ni dakika tano. Muda huo MC anautumia kuwasalimia wageni waalikwa peke yao!

Sasa hii hoja ya maiki, maana ndiyo ngao yao wote. Fundi yeyote anayejua kazi anajua kwamba maiki inafuata ngoma yake. Maiki ya tomu ya chini imebanwa kwenye ukingo wa tomu, tomu ikihama inahama nayo. Maiki ya haihati ina stendi yake, inabebwa pamoja na haihati. Chaneli kwenye mikisa ni ile ile, sauti uliyopanga ni ile ile. Kinachobadilika ni upande zinakosikika tomu kama umezigawa kushoto na kulia kwenye spika, na hilo ni kuzungusha vitufe viwili. Kwenye matamasha mengi ya uwanjani huku kwetu wala hazijagawanywa, zote ziko katikati. Kwa hiyo naomba mafundi mnaopita humu mnijibu kwa hoja: mnachokikataa ni nini hasa? Kama ni waya mfupi, sema waya ni mfupi, tutafute mwingine. Kama ni ratiba, sema mapema kwenye kikao cha maandalizi nipange la kufanya. Lakini "piga hivyo hivyo" si jibu la kitaalamu.

Studio ni hadithi nyingine. Kuna studio moja mjini walitaka nilipe saa nzima ya ziada "ya kugeuza". Nikageuza mwenyewe wakati mpiga solo anatyuni gitaa, na saa ile bado wakaidai. Dramu za umeme, ambazo makanisa mengi ya mitaani yanazikimbilia kwa sababu hazigombanishi watu na majirani, nazo zina lake. Fremu inageuzika na mitambo mingi ina maelekezo kabisa ya kuigeuza, ila waya umefungwa kwenye mkanda mmoja na umekatwa urefu wa kumtosha mtu wa kulia, hivyo wa haihati unaishia njiani. Dawa yake ni waya mmoja wa kuongeza urefu. Nimeomba kanisani waya huo, wakaniambia tusubiri bajeti, wakati mwezi huo huo tulishona sare mpya.

Nikilalamika, jibu la pili ni lile la "zoea tu, mbona wengine wamezoea". Kina nani hao? Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alizaliwa mashoto, bibi yake akambadilisha mkono akiwa mtoto kwa sababu aliona ni jambo baya, akaja kukaa kwenye seti ya kulia huku akiongoza kwa mkono wa kushoto. Ikampa mapigo yake ambayo hakuna anayeyaiga vizuri mpaka leo. Sawa, ni yake, na ilimfaa. Lakini Phil Collins wa bendi ya Genesis aligeuza seti nzima. Ian Paice yuko na bendi ya roki ya Deep Purple tangu ilipoanzishwa mwaka 1968, na seti yake ni ya kushoto mpaka leo. Chester Thompson alipoanza kuzunguka na Genesis mwaka 1977, jukwaa moja lilikuwa na seti mbili, ya kwake ya kulia na ya Collins ya kushoto, na maiki zote zilipimwa na watu wakalipia tiketi. Billy Cobham, mpiga dramu wa jazi, anapiga haihati kwa mkono wa kushoto bila kuvusha mikono, mguu wa kulia kwenye kiki, kwa hiyo hata njia ya katikati ipo. Hawa wote hawakufanana, na hiyo ndiyo hoja yangu. Kila mmoja alikaa kwenye dramu kwa namna mwili wake ulivyomtaka. Mimi mguu wangu wa kiki ni wa kushoto, njia ya Cobham hainifai. Mwingine mashoto wa mkono tu itamfaa sana, ahamishe raidi peke yake, kazi imekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huo mpangilio mnaoutetea kama amri ya Musa ulitokea njiani. Pedali ya kiki ya Ludwig, watengenezaji wa dramu wa Marekani, ni ya mwaka 1909. Kwenye miaka ya 1920 wapiga dramu wa Marekani walikuwa na matoazi mawili madogo karibu na sakafu, yanagonganishwa na mguu wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na kazi ya kiki. Hayakuwa ya kupigwa kwa vijiti kabisa. Mwishoni mwa miaka hiyo ndipo yakainuliwa juu kwa bomba refu, yakawa haihati, mkono ukayafikia, na kwa kuwa yalishakuwa kushoto, mkono wa kulia ukalazimika kuvuka juu ya mwenzake. Yaani hata ninyi wa kulia mnapiga mikono imepishana kwa sababu ya chombo kilichokuwa kimewekwa pale kwa ajili ya mguu! Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba hivi ndivyo binadamu anavyopaswa kupiga. Na ngoma zetu wenyewe hazijawahi kumuuliza mtu mkono. Mama wa Kigogo anapoibana ngoma ya muheme katikati ya mapaja, nani anamuuliza ameanza na mkono gani?

Nije kwenye lililonifanya nishindwe kulala.

Pale kanisani kuna binti yuko darasa la tano. Ana sikio ambalo watu wazima tunalitafuta. Anasikia mahali mapigo yanapobadilika kabla kwaya haijafika hapo. Ni mashoto. Nimemwona akijifunza kwenye viti vya plastiki baada ya ibada, mkono wa kushoto unaongoza, safi kabisa. Mwalimu wa dramu aliyeletwa kufundisha watoto akamchomoa kijiti, akakihamishia mkono wa kulia mbele ya wenzake, akamwambia, "Huo ni mkono wa kunawia." Watoto wakacheka. Akajaribu kwa mkono wa kulia, mapigo yakaenda kombo, wakacheka tena. Siku hizi anapiga kayamba, amesimama nyuma, na ukimuuliza anasema dramu hazipendi.

Nilimfuata yule mwalimu faragha, kwa heshima, maana ni mkubwa kwangu. Nikaamkia shikamoo, nikamweleza. Akaniambia, "Mdogo wangu, kanisani tuna utaratibu, kushoto ni upande wa mbuzi." Kumbe na Maandiko yanaingizwa! Basi tusome yote. Waamuzi sura ya 3, Mungu anapowainulia Israeli mwokozi anamwinua Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto. Waamuzi 20:16, Wabenyamini mia saba wateule, wote mashoto, kila mmoja akirusha jiwe kwa teo analenga unywele na hakosi. Watu wa shabaha namna hiyo ndio ningewataka kwenye kiki. Mbuzi na kondoo wa Mathayo 25 walitengwa kwa sababu ya waliolishwa na wasiolishwa, wagonjwa waliotazamwa na waliotelekezwa. Hakuna mahali waliulizwa wameshika kijiti kwa mkono upi.

Najua tumelelewa hivyo. Kula kwa kulia, pokea kwa kulia, msalimie mkubwa kwa kulia. Nayafanya yote hayo mpaka leo na nitawafundisha wanangu, ni heshima na siigombi. Dramu haimsalimii mtu. Hakuna mzee anayevunjiwa heshima mtoto akianza na kijiti cha kushoto. Karibu mtu mmoja katika kila kumi duniani ni mashoto, kwa hiyo darasa lolote la watoto ishirini wa muziki lina uwezekano mkubwa wa kuwa nao, na nikiangalia majukwaa yetu nawaona wachache mno. Wanakwenda wapi? Naamini wanaishia kwenye kayamba, kama yule binti.

Walimu wa dramu mnaosoma hapa, nawaomba jambo dogo sana. Mtoto akija siku ya kwanza, mpeni vijiti, msimwambie kitu, mwangalie anaongoza kwa mkono upi. Mwambieni akanyage chini kufuata wimbo, mwangalie anakanyaga kwa mguu upi. Mkono na mguu havilingani kwa kila mtu. Kisha pangeni seti kumfuata. Mazoezi yenyewe ya msingi yanabadilishana mikono, kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, kila mwanafunzi anatakiwa kuyaanza kwa pande zote mbili. Mashoto anayaanza upande wake, basi. Hamhitaji kitabu kipya.

Na waratibu wa matamasha: kwenye ile fomu mnayouliza kwaya ina waimbaji wangapi na inahitaji maiki ngapi, ongezeni mstari mmoja wa mpiga dramu, kulia au kushoto. Mkiona kushoto, mpangeni awe wa kwanza au aingie baada ya mapumziko. Seti igeuzwe wakati watu wanakunywa soda, hakuna ratiba itakayoumia.

Mimi nimeshaongea na mama yake yule binti, amekubali. Nitakuwa namgeuzia seti siku za katikati ya wiki kanisa likiwa tupu, na mzee wa kanisa mmoja ameahidi kutuachia ufunguo. Akitokea mtu wa kuzuia, nitaleta majibu hapa hapa kwenye uzi.

Mashoto wenzangu mlioko humu, jitokezeni, semeni mnapigaje na mmefanyiwa nini. Halafu kuna kitu natafuta: pedali mbili ya mashoto, ile ambayo pedali kuu inakaa mguu wa kushoto na ya msaada inakwenda kulia. Madukani Kariakoo kila ninapouliza wananitolea ya kawaida na kuniambia niigeuze, wakati ile fimbo ya kuunganishia inatokea upande usio wake na inagonga miguu ya stendi ya snea. Mwenye nayo, hata iliyotumika, ilimradi cheni na springi ni nzima, aje PM tuelewane bei.