AZIMIO LA KAZI KWA MKONO TENA?! Walimu wa msingi Tanga njooni hapa

Wakuu shikamooni wa kushikamoo, wengine mambo vipi. Hili ninalo tangu shule zifunguliwe, leo limenifika kooni acha nilitoe. Mods msiunganishe na ule uzi wa mishahara tafadhali, haya ni mambo mawili tofauti.

Mimi mwalimu wa msingi hapa Tanga mjini, shule ya serikali, jina tuliache. Nafundisha Hisabati, Sayansi, na Jiografia na Mazingira, la tatu na la nne. Kwa msiojua hii kazi, kabla hujashika chaki unatakiwa uwe na azimio la kazi la kila somo kwa mwaka mzima, mihula yote miwili, limepigwa mistari kwa rula: umahiri mkuu, umahiri mahsusi, shughuli kuu, shughuli ndogo, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, upimaji, rejea, maoni. Kisha kila kipindi cha dakika 40 kina andalio lake la somo. Ukitoka darasani unajaza shajara, yaani kumbukumbu ya ulichofundisha na lini. Kwa siku una vipindi vitano sita, pigeni hesabu wenyewe, mie nimechoka kupiga.

Na kupanga sina ugomvi nako, mwalimu anayeingia darasani mikono mitupu ni hasara kwa watoto wa watu. Kinachoniudhi ni hiki: la mwaka jana nilikaa nalo vizuri, nikalichapa kwenye kompyuta ya shemeji, nikalitunza kwenye flashi, nikasema mwaka huu nabadilisha tarehe na kurekebisha palipopwaya basi, maana muhtasari wa somo ni uleule. Nikapeleka ofisini. Likarudi. "Mwalimu, tunataka mwandiko wako." Eti kuchapa ni uvivu, walimu wanakopiana WhatsApp.

Haya, kukopiana kupo, tusidanganyane. Yapo ya PDF yanauzwa kwenye magrupu, nimeliona moja mtu hata jina la wilaya yake hakufuta, halafu ndani kaandika wanafunzi watembelee shamba la kahawa la jirani. Jirani yupi huyo hapa Makorora?? Lakini dawa yake ndo mimi niende Ngamiani kununua kauntabuku ya kwaya nne kwa hela yangu, nikae usiku kunakili kitu nilichokwisha kukiandika mwenyewe? Na hiyo inamzuia nani kukopi? Mwenzetu mmoja kalinakili hilohilo la kahawa, mwandiko mzuri kama barua ya posa, likagongwa muhuri siku hiyohiyo!

Alafu tuje kwenye wiki. Kwenye azimio wiki zote zimejaa utadhani shule haina mambo mengine. Kalenda inakupa siku 190 na kitu za masomo. Sasa toa mitihani ya mwezi, ya ujirani mwema, ya muhula, toa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), toa siku ambazo walimu mnatawanywa kusimamia mtihani wa la saba na upimaji wa la nne, toa Mwenge ukipita, toa mafunzo ya huu mtaala ulioanza 2024 ambao mpaka leo bado tunaelekezana, toa masika ya kwetu ambayo mvua ikishagonga bati hata aliyekaa dawati la mbele hakusikii. Na ukiacha wiki wazi kwa ajili ya hayo unaulizwa hapa vipi, umesahau?

Mwaka jana la tatu nilipanga vipindi viwili vya hali ya hewa. Darasa lina watoto zaidi ya 100, wakati kiwango ni 45 kwa mwalimu mmoja, kitabu kimoja wanachungulia watano. Nikauliza upepo unatoka wapi. Kakasimama katoto kamoja, baba yake mvuvi pale Deep Sea, kakaanza kueleza kaskazi na kusi, miezi gani huu na miezi gani ule, lini mashua haitoki kabisa. Mwingine akabisha, akasema babu yake hasemi hivyo, darasa likachangamka, ikabidi tutoke nje na kipande cha khanga tukakifunga kwenye fimbo tuone kinapeperuka wapi, kesho yake tukarudia. Viwili vikawa vinne. Swali la upepo lilipotoka kwenye mtihani wa muhula waliolikosa ni wachache sana.

Akaja mkubwa wa kukagua, ofisi gani sisemi. Darasani hakutia mguu. Kakaa kwa mwalimu mkuu, kaletewa soda na mihogo, akawa analamba kidole anafunua kurasa. Azimio linasema wiki ya tatu, shajara inasema ya nne. Kalamu nyekundu ikatoka: "Mwalimu yuko nyuma ya azimio. Ajieleze." Nikajieleza kwa barua. Kwa mkono pia.

Mnajua kinachofuata baada ya hapo? Watu wanajaza shajara ifanane na azimio. Umefundisha, hujafundisha, unaandika "somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi", tarehe zimenyooka, muhuri unagongwa, mtoto wa la nne kugawanya hajui. Matokeo yakija mabaya tunaulizwa walimu mlikuwa wapi. Tulikuwa tunapiga rula!

Mie nataka azimio lililochapwa lipokelewe. Una wasiwasi si langu? Niulize maswali mawili tu utajua ni langu au la kununua. Na ile safu ya maoni tuandike ukweli, kwamba hapa tumechelewa kwa sababu hii na hii, bila kudaiwa barua.

Wa Muheza, Pangani, Korogwe, hata Lushoto huko juu, kwenu kompyuta inaruhusiwa au ndo yaleyale? Wale wa "ualimu ni wito" leo piteni kushoto. Hisabati nishamaliza kunakili, Jiografia siandiki, J3 nawapelekea iliyochapwa tuone.