Poka Lusaka na bandugu: feza tugawe namna gani?

Kamalondo4
Jambo yenu wote. Tuko bane hapa Lubumbashi, tunachezaka poka (muchezo wa karata) kila wikendi, sasa tunataka kwenda mashindano Lusaka. Kila mutu alipe yake ao tutie feza pamoja? Na kama banatuweka meza moja tufanye nini?

Mama Jetoni
Kila mutu alipe kiingilio yake, kisha mubadilishane asilimia kumi kumi ya ushindi, na muandike MBELE ya kuanza, juu nyuma ya ushindi kila mutu anasahau hesabu. Meza ni kwa kura. Mukikutana, pigana kabisa. Kama mutu wa tatu ametia jetoni (sarafu za kuchezea) zake zote, na ninyi wawili munapatana kwa mudomo kupita tu check check (bila kutia jetoni ingine) mpaka karata ya mwisho, ile ni kushirikiana, na adhabu ni kali.

Ya Rivu
Na Kiswahili mezani muache, kama mukono (duru moja ya karata) inaendelea, fasi mingi wanataka Kiingereza tu, hata kama unamusalimia ndugu yako. Mimi naona ni haki.

Kamalondo4
Aa! Basi Papi atanyamaza siku nzima 😂

Mama Jetoni
Mumufundishe blaindi kwanza, zile jetoni za lazima batu wawili banatia mbele ya karata, ndogo na kubwa. Jetoni 20,000 kwa 100/200 ni blaindi kubwa 100, unapumua, lakini ikifika 1,000/2,000 ni kumi tu, pale njo unatia zote ao unatupa karata, mambo ya kuangalia-angalia imeisha.

Ya Rivu
Mupaka ya Kasumbalesa mupite asubuhi, na karata ya homa ya manjano musisahau.