Mishale miwili kwenye kisanduku kimoja: mfumo unasubiri yote au mmoja tu?

NyarDunga:
Wadau, habari za jioni. Nachora mchoro wa shughuli (hatua za kazi kwa visanduku na mishale) wa UML, lugha ya kuchora mifumo ya kompyuta, kwa ajili ya kikundi cha wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Mnunuzi anachagua, samaki anapimwa kilo, halafu kuna kisanduku "Omba malipo kwa simu". Malipo yakipita, risiti inatoka. Yakikataa, labda salio halitoshi, nimechora mshale unaorudi moja kwa moja hapo kwa "Omba malipo". Mwenzangu anayeandika msimbo, yuko Nakuru, ameng'ang'ana kwamba mfumo huu utakwama hata kabla ya mteja wa kwanza kulipa. Mimi naona mtu yeyote anaelewa hapo ni kurudia tu. Nani yuko sawa?

FundiKibuye:
Dada, mwenzako anasoma toleo la pili, UML 2, na huko ana haki. Kisanduku cha kitendo hakianzi mpaka kila mshale unaoingia ulete tokeni yake (si zile za stima, ni alama ya kufikirika inayopita kwenye mishale kuonyesha kazi imefika wapi). Ni kama makanga wa Kondele: kiti kimoja kikiwa wazi, gari haling'oki. Sasa angalia mshale wako wa kurudi. Utapata tokeni wapi, na inatoka kwenye malipo ambayo hayajaombwa bado?

Lakini wewe pia hukuota. Katika UML 1 mchoro wa shughuli ulihesabiwa kuwa aina ya mchoro wa hali (unaoonyesha kitu kinavyohama kutoka hali moja hadi nyingine), na mshale wowote mmoja ulitosha. Toleo la 2.0, lililotoka rasmi 2005, lilihamia kwenye mtiririko wa tokeni unaofanana na mitandao ya Petri (michoro ya kihisabati ya tokeni zinazohama). Michoro ya zamani ikageuka maana bila mtu kugusa kalamu.

Weka almasi (umbo la kuunganisha au kugawa njia, lisilongoja mishale yote) juu ya "Omba malipo". Mishale yote miwili iingie hapo, utoke mmoja. Kisha kagua upande wa kutoka: mishale miwili ikitoka kwenye kitendo bila almasi, yote inafuatwa kwa pamoja. Mteja atapewa risiti na papo hapo simu yake idai PIN tena.

NyarDunga:
Kutoka nina almasi tayari, na masharti [yamekubaliwa] na [yamekataliwa].

FundiKibuye:
Na mtandao ukipotea? Hakuna sharti lililo kweli, kwa hivyo tokeni inakwama, haivuki almasi. Ongeza [hakuna jibu], ila usiurudishe mshale huo kwa "Omba malipo", maana pesa huenda ilishakatwa na utamtoza mama wa watu mara mbili. Upeleke kwa "Uliza hali ya malipo". Masharti pia yasigongane: mawili yakiwa kweli kwa wakati mmoja, UML haisemi ni njia ipi itafuatwa.

Omera_K:
Wakuu, mnakaza sana. Mchoro wa ubaoni ni wa kuongea tu.

FundiKibuye:
Wa ubaoni sawa, mwenye kalamu yuko hapo umuulize. Huu unasafiri mpaka Nakuru peke yake. Na si UML tu, omera. Michoro ya hali ya David Harel ilichapishwa 1987. Humo hali moja inaweza kubeba nyingine ndani yake. Tukio moja likiweza kuhamisha hali ya nje na ya ndani, STATEMATE, programu ya michoro hiyo, inafuata mshale wa ya nje, UML inafuata wa ya ndani. Mchoro ni uleule. NyarDunga, andika pembeni "UML 2" kabla hujautuma.

NyarDunga:
Almasi nimeweka, na "Uliza hali ya malipo" pia. Sasa ameuliza mzani ukizima betri katikati ya kupima, mshale unaenda wapi.